Mita mia nne kutoka kituoni

Hii ni hotuba niliyotoa ukumbini hapa Mbeya mbele ya wakazi, wenye nyumba, madereva na vijana wanaosomea mipango miji. Nimeiandika karibu kama nilivyoongea, nimeruka tu pale kipaza sauti kilipogoma.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo? Viongozi wa serikali ya mtaa na wageni wote, itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja majina hapa muda wangu utaishia hukohuko.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, siasa siziwezi, kwa hiyo mkiona nang'ang'ania habari za ngazi na milango mnivumilie. Nimeombwa niongelee mji ambao mtu anaishi vizuri bila kuwa na gari, na nilipowaambia jamaa zangu wakacheka, wakasema haya sasa unaenda kutuletea mambo ya Ulaya. Ulaya gani jamani? Nenda Mafiati saa 12 na nusu asubuhi uone. Wanafunzi na masweta yao, mafundi wamening'iniza begi la vifaa begani, kinamama na ndoo za maparachichi kichwani wanawahi soko la Mwanjelwa, walinzi wanarudi kulala, wote hao kwa miguu, na karibu na kiwiko chao inapita semi imebeba shaba ya Zambia inakwenda bandarini Dar. Mbeya hakuna wa kufundishwa kutembea. Tunatembea sana, ila mji tunaupanga kana kwamba anayetembea ni mtu aliyekosea njia.

Nina jambo moja tu leo. Tujenge nyumba za kuishi na sehemu za biashara pamoja, ghorofa tatu nne tu, ndani ya mita mia nne kutoka kwenye vituo vya daladala vya hii barabara yetu kuu, na tupunguze huu mchezo wa kila mwaka kupima viwanja mbali zaidi ya vya mwaka jana afu tunashangaa kwa nini watu hawafikiki. Mita mia nne ni kama dakika tano kwa mtu mzima anayetembea kawaida. Ukiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi, weka saba nane. Bado ni karibu.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 kwenye jiji letu, ya 2022 ikahesabu 541,603. Zaidi ya laki moja na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote hao wamelala mahali, wameamka, wameenda mahali. Swali lote la mipango miji ni hapo tu: wamelala wapi na wameenda wapi, na katikati walipitaje.

Sasa niwakumbushe kidogo tulifikaje hapa. Mji huu ulianza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kamji kadogo tu chini ya mlima Loleza, unakazunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Baadaye ikaja barabara kubwa ya kwenda Zambia, ikaja reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na stesheni yake ikawekwa Iyunga, mbali na mji wa zamani. Watu wakafuata barabara. Wala hakuna aliyewaamrisha, mtu anaweka kibanda pale magari yanaposimama, mwenzake anakuja pembeni yake, mwaka unaofuata pana kituo kina jina. Ndo maana leo ukitoka Uyole ukapita Sae, Soweto, Kabwe, ukaenda Nzovwe mpaka Iyunga, na ukiendelea mpaka Mbalizi ambako kiutawala ni halmashauri nyingine, uko mjini tu muda wote. Mji umelala kando ya barabara kama kambale, mrefu, mwembamba, na uti wa mgongo mmoja.

Wataalamu wengi wanaulalamikia urefu huo. Mimi naona ni bahati. Mji wa mviringo unataka ruti nyingi, na kila ruti inataka abiria wake, na nusu ya safari mtu lazima abadilishe gari. Sisi karibu kila kitu kikubwa kiko kwenye mstari mmoja au hatua chache kutoka kwenye mstari huo. Mji wa namna hii ukiweka basi linalopita kila dakika chache kwenye mstari wake, umehudumia sehemu kubwa ya watu kwa ruti moja tu. Kuna miji duniani inatamani ingekuwa na umbo letu.

Mmoja ulijitengenezea umbo hilo makusudi. Curitiba, Brazili. Mwaka 1971 walipata meya anaitwa Jaime Lerner, mbunifu majengo, kwa hiyo mnaweza kuona kwa nini nampenda. Mpango wao ulisema hivi: mji utakua kwa kufuata mihimili michache, katikati ya kila mhimili inapita njia ya basi peke yake, na kwenye mhimili huo ndo ghorofa zinaruhusiwa kupanda, chini maduka na ofisi, juu watu wanaishi, afu ukirudi nyuma mtaa mmoja miwili nyumba zinashuka zinakuwa za chini za kawaida. Njia za mabasi zilianza kazi 1974. Hakuna reli ya chini ya ardhi, ni mabasi tu. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba kibali cha ghorofa na ruti ya basi vinatoka kwenye meza moja.

Na kuna kisa chake kimoja wafanyabiashara wa Mwanjelwa mkisikilize. 1972 Lerner alitaka kuufunga mtaa mkuu wa maduka, unaitwa Rua XV de Novembro, magari yasipite, watembee watu. Wenye maduka wakawaka. Biashara itakufa, mteja atapaki wapi. Jamaa akasubiri Ijumaa jioni, mahakama zimefungwa, hakuna wa kumwekea zuio, akaingiza mafundi wakafanya kazi kama masaa 72 mfululizo, Jumatatu watu wanaamka wanakuta mtaa una mawe ya kukanyagia na maua. Baada ya muda mfupi walewale wenye maduka wakaanza kuomba mitaa yao mingine nayo ifanywe hivyo. Wenye magari wakapanga kuuvamia mtaa kwa msafara, walipofika wakakuta watoto wamekaa katikati ya barabara wanachora picha kwenye karatasi ndefu. Nani atapitisha gari hapo? Simshauri mkurugenzi wetu afanye mambo usiku usiku, hapa kwetu wananchi washirikishwe na sheria inataka hivyo. Ninachosema ni kwamba duka linaishi kwa mtu anayepita taratibu anaangalia, na gari linalopita spidi hamsini haliangalii fremu ya mtu.

Ila Curitiba nayo ina doa lake na nalisema mapema kabla hamjaniuliza. Ardhi ya karibu na mihimili ilipanda bei, wenye hela wakakaa karibu na basi, maskini wengi wakasukumwa pembezoni na kwenye miji ya jirani. Hilo nitalirudia maana ndo linaloniogopesha kuliko yote.

Sasa madereva na makonda, hapa nawaongelea nyie, msilale. Wengi wanaopanga miji hawajawahi kukaa na dereva wakapiga hesabu, na mimi naamini ukishaelewa hesabu ya daladala umeshaelewa nusu ya mipango miji. Gari ni la bosi. Jioni bosi anataka hesabu yake, iwe mvua iwe jua. Mafuta juu ya dereva, konda anataka chake, tairi likipasuka ni ugomvi. Kwa hiyo dereva anafanya nini? Anasubiri gari lijae, ndo maana mnakaa kwenye Hiace mnapikana. Asubuhi anatoka Uyole amejaza mpaka mlangoni, anashusha mjini, afu sasa arudi Uyole na nani? Anarudi na watu wanne watano, mafuta yaleyale. Hiyo safari ya kurudi ndo inamuua. Ndo maana anakatisha ruti, anawaambia mwisho hapa, anawafaulisha kwenye gari lingine, abiria wanamtukana na wengine wanasema madereva hawana utu. Utu wanao. Mji umepangwa kila mtu alale upande mmoja na afanye kazi upande mwingine, kwa hiyo gari asubuhi linajaa kuelekea mjini na jioni linajaa kutoka mjini, na nusu ya kilometa zake zote ni hewa.

Chukua sasa picha nyingine. Pale Uyole kwenyewe uweke ofisi, kliniki ya meno, benki, karakana za mafundi cherehani, chuo kidogo cha kompyuta, na juu yake vyumba vya kupanga. Soweto hivyohivyo. Iyunga hivyohivyo. Halafu mjini pale katikati, ambako jioni panabaki walinzi na mbwa, uongeze vyumba vya watu kulala. Asubuhi kuna watu wanatoka Uyole kwenda mjini na kuna wengine wanatoka mjini kwenda kazini Uyole, na wengine wanapanda kituo hiki wanashuka cha tatu. Kiti kimoja kinauzwa mara tatu nne kabla gari halijafika mwisho. Dereva huyohuyo, mafuta yaleyale, hesabu inapatikana bila kusubiri gari lijae. Na gari lisilosubiri kujaa ndo gari linalopita kila baada ya dakika chache, na hapo hata mwenye gari lake anaanza kufikiria kuliacha nyumbani. Hiyo ndo sababu nasema habari ya nyumba na habari ya daladala ni kitu kimoja, huwezi kuitisha kikao cha usafiri bila mtu wa ramani za nyumba.

Kinyume chake ni viwanja vya mbali. Sina ugomvi na mtu kuwa na kiwanja chake, mimi mwenyewe ninacho, na ile raha ya kupanda migomba yako na parachichi mbili naijua. Lakini mkipima viwanja vikubwa vikubwa milimani huko, nyumba ziko mbalimbali, watu wanajenga mmoja mmoja kwa miaka kumi, hakuna daladala itakayoenda, kwa sababu zile nilizosema. Inaenda bodaboda. Tufanye boda buku, daladala mia tano sita, kwenda na kurudi, watoto wawili wanasoma, mke ana biashara sokoni. Piga mwenyewe kwa mwezi. Kiwanja kilikuwa cha bei nafuu, nauli ndo imekuja kukilipia tena polepole na haina risiti. Na jiji nalo linadaiwa barabara, maji, mtaro, nguzo, kwa nyumba ishirini zilizotawanyika kwenye eneo ambalo kule Mwanjelwa wanaishi watu mia kadhaa.

Kuna wanaoniambia, bwana, nyumba juu ya duka si utamaduni wetu. Haya, shukeni Uhindini. Zile nyumba za zamani za ghorofa moja mnazipita kila siku, nyingine zimechakaa, nyingine zimepakwa rangi za mitandao ya simu. Simama mbele ya moja uiangalie. Chini duka lina mlango mpana wa mbao wa kukunja, kizingiti kimepanda hatua moja ili maji ya mvua yasiingie, na mbele kuna baraza lililofunikwa ambalo mpita njia anapita hanyeshewi. Ubavuni kuna mlango mwembamba, huo ndo wa ngazi, hauingilii dukani. Juu familia, roshani inaangalia mtaani. Nyuma ua, jiko, tenki. Mzee alikuwa anateremka na ndala asubuhi anafungua duka, mchana anapanda kula, na bibi akiwa juu kwenye roshani anaona kila kinachoendelea mtaani, mwizi atapitia wapi? Hamna mlinzi wa kulipwa, hamna nauli. Nyingi ya hizo baada ya sheria ya 1971 ya kutwaa majengo zikaja kuwa chini ya serikali na Shirika la Nyumba la Taifa. Zimesimama mpaka leo, na fremu zake bado zinagombewa.

Kilichotutenganisha nyumba na kazi hakikutoka kwa babu zetu. Ni ramani ya kikoloni, iliyogawa mji Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni bustani kubwa na marufuku biashara, Uhindini maduka, Uswahilini tujibanze. Uhuru ukaja, majina ya kanda yakabadilika yakawa msongamano mdogo, wa kati, mkubwa, lakini wino ni uleule. Mpaka leo mtu akitaka kuweka fremu mbili kwenye nyumba yake ya makazi anaambiwa abadilishe matumizi ya ardhi, anazungushwa, anachoka, anaiweka usiku usiku bila kibali, afu inavunjwa. Mteja wangu mmoja alizungushwa na ofisi moja mpaka karatasi za mwanzo zikapotea akaambiwa aanze upya. Sitaitaja, wapo humu ndani na chai tumekunywa pamoja.

Sasa hoja zenu, maana nimeshazisikia pale nje.

Kelele. Ni kweli. Ukiniwekea baa chini ya chumba cha kulala na spika mlangoni, mimi mwenyewe nahama. Kuchanganya haimaanishi kuchanganya kila kitu. Duka, saluni, famasi, ofisi, mgahawa wa mchana, fundi nguo, hivyo vinakaa chini ya nyumba vizuri kabisa. Gereji ya kuchomelea, mashine ya kusaga, ghala la gesi na mafuta, hivyo hapana, na hapa sitanii, soko la Mwanjelwa liliungua 2006 na kuna watu humu walipoteza mtaji wa maisha yao siku hiyo. Mimi nikichora jengo la hivi naweka ngazi ya makazi mbali na duka, ukuta na sakafu ya kati ya zege inayozuia moto, na njia pana ya kutosha gari la zimamoto kufika nyuma. Mteja analalamika nimemlia mita zake za kiwanja. Alalamike tu.

Tetemeko. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, Rungwe ile ni volkano, tetemeko siyo hadithi. Ndo maana nasema ghorofa tatu au nne, nguzo na mikanda ya zege iliyosimamiwa na mhandisi anayekuja saiti kweli, hata kama si kila siku. Na ghorofa nne hazihitaji lifti, watu wanapanda, umeme ukikatika hakuna anayekwama.

Hela. Ghorofa ni ghali, sikatai. Ila kuna mwenye kiwanja kizuri karibu na Kabwe ana nyumba ya zamani ya bati na hana hela, na kuna watu sita wana hela kidogo kidogo hawana kiwanja. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani hati yako ni ya ghorofa ya pili upande wa kulia, na ngazi na paa mnamiliki pamoja. Wachache sana wanaitumia huku kwetu, watu wanaogopa ubia kwa sababu ubia wa maneno umeua undugu wa watu wengi. Andikeni. Mwanasheria kwanza, fundi baadaye.

Na lile nililoahidi kurudia, mpangaji. Kituo kikipendeza kodi inapanda, na yule mama lishe aliyekuwa analala chumba kimoja nyuma ya Mwanjelwa anahamia mlimani, halafu ndo anayetakiwa kufika kazini saa 11 alfajiri. Kwa hiyo masharti yawepo tangu mwanzo. Atakayeruhusiwa kupandisha ghorofa karibu na kituo atoe na vyumba vidogo, chumba kimoja chenye choo chake na jiko, si nyumba za vyumba vitatu tu. Na vizimba na magenge ya wafanyabiashara wadogo yachorwe kwenye ramani kabisa, mita ngapi kutoka mlangoni, maji wapi, taka wapi. Tuliona 2021 machinga walivyohamishwa nchi nzima kupelekwa maeneo waliyopangiwa, na mengine yalikosa wateja kwa sababu moja tu, mteja hapiti pale. Machinga anajua kusoma mtiririko wa watu kuliko sisi wenye vyeti. Ukitaka kujua kituo kiwekwe wapi, angalia muuza mahindi ya kuchoma amesimama wapi.

Dar wametufundisha mawili. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ulianza Mei 2016, kilometa 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake, na siku za mwanzo mtu alikuwa anaokoa saa nzima. Njia peke yake inafanya kazi, hilo halina ubishi tena. La pili ni kwamba njia bila mabasi ya kutosha inakuwa foleni ya watu badala ya magari, mmeona picha za watu wanaingilia dirishani, na karakana wakaiweka Jangwani ambako maji ya mvua yanajua njia tangu zamani. Kizuri kingine ni Magomeni Kota, nyumba 644 za ghorofa kwa wale waliokuwa wanakaa pale zamani, hatua chache kutoka kwenye vituo vya mwendokasi. Wakazi walewale wamerudi palepale, na basi liko mlangoni. Hiyo ndo ninayoitaka Mbeya, kwa kipimo chetu.

Na sisi wakati wetu ni sasa, kwa sababu ya upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne. Mradi wa kilometa 29 kutoka Nsalaga mpaka Ifisi unaujua kila mtu humu, nyumba nyingine zimewekewa alama ya X ya kuvunjwa. Mimi nashukuru, foleni ya malori imetuchosha, na mteremko wa Iwambi lori likikata breki tunajua linaishia wapi. Lakini barabara ya njia nne katikati ya mji inaweza kuwa ukuta. Mama wa ng'ambo ya Soweto anavukaje? Wahandisi wa miji kule Marekani wamepiga hesabu: njia moja ya upana wa mita tatu, ikitumika na magari binafsi inapitisha watu 600 mpaka 1,600 kwa saa, ikiwa ya mabasi peke yake 4,000 mpaka 8,000, na ikiwa ya waenda kwa miguu inaweza kufika 9,000. Yaani tukijenga njia nne zote za gari binafsi tumenunua kitu ghali tukakitumia vibaya. Zebra iwe kwenye kila kituo, katikati kuwe na kisiwa cha kusimama ili mtu avuke nusu kwanza, na spidi. Sheria yetu inasema 50 kwenye makazi. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale watu na magari wanapochanganyika, na sababu si ugumu wa roho, ni mwili. Mtu akigongwa na gari la 30 mara nyingi anapona. La 50, hatari ya kufa inapanda sana. Malori ya masafa yapite pembeni kwenye barabara ya mchepuko inayozungumziwa toka Uyole hadi Songwe, hiyo tuidai kwa nguvu zote, kwa sababu lori la shaba halina cha kununua Mwanjelwa.

Bajaji msinisonye, nafika. Najua ugomvi wenu na daladala. Mnagombania abiria wa kwenye barabara kuu wakati kwenye vilima vya Ilemi na Isyesye watu wanapanda kwa miguu kwenye matope kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kazi ya bajaji iwe kumtoa mtu kilimani kumleta kituoni, na kituoni kuwe na sehemu yenu imechorwa na paa lipo, msiwe mnafukuzwa fukuzwa na trafiki. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndo wenye leseni za ruti, basi wakae na jiji meza moja. Mita mia nne za kwanza mtu anatembea, zaidi ya hapo bajaji, barabara kuu basi.

Kuna kijana aliniuliza kuhusu treni. 2012 Dar walianzisha treni za abiria za mjini, watu wakaziita treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na mzee huyo ni wa hapo Kyela tu, na mojawapo ilipita kwenye reli ya TAZARA. Kwa hiyo si wazimu kuliwaza hilo hapa, reli ipo na inapita mjini. Ila tuanze na mabasi.

Nimalize kwa kazi. Mpango wa mji unapoandaliwa wananchi wana haki ya kuuona na kuusemea, na mara nyingi kwenye mikutano hiyo tunaofika ni watu kumi na tano na nusu yetu tumefuata posho. Nataka twende na karatasi yetu. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana kituo cha Kabwe. Tutagawanyika vikundi vinne, kila kikundi na tepu ya kupimia, tunatembea mita mia nne kila upande tunaandika: mtaro uliofunikwa na usiofunikwa, pa kuvukia, nyumba ya chini yenye nafasi ya kupanda juu, fremu tupu, mahali giza usiku. Wiki inayofuata Soweto, halafu Uyole. Wenye nyumba njooni hata kama mnadhani naongea upuuzi, nyie ndo mnajua mipaka. Mvua ikinyesha tunaenda hivyohivyo, vaeni gambuti, na hapo ndo tutaona vizuri maji yanapita wapi.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama kule nyuma mwenye kitenge cha kijani, ameinua mkono toka nilipotaja kodi.